Habari za Kuvua Kambare katika Nchi za Ubena na Usangu

Mithali yasema, "Mchagua jembe si mkulima." Sisi waalimu twaifundisha kila mwaka, na watoto huielewa upesi. Mvivu ndiye asemaye jembe hili zito, na lile butu, na lile mpini wake mfupi, hata jua likapanda naye hajapiga tuta moja. Shambani mithali hii ni ya kweli. Lakini mtu akishuka nayo mtoni kuvua kambare, atarudi na kapu tupu, maana huko asiyechagua chombo ndiye asiye mvuvi. Twataka kueleza hapa jinsi watu wa nchi hizi walivyochagua vyombo vyao tangu zamani, na kwa sababu gani, na jinsi uchaguzi huo ulivyoanza kusahauliwa.

Kwanza yafaa kuitazama nchi yenyewe. Njombe iko juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa Juni na Julai baridi yake ni kali hata umande huganda juu ya majani. Mto Ruhuji hupita penye mji, huanguka kwa poromoko kubwa, kisha hushika njia ya mashariki kuteremkia Kilombero. Upande wa pili maji hushuka kaskazini. Mbarali, Kimani, Chimala na Ruaha Mkuu wenyewe hutoka katika nyanda za juu na milima ya Kipengere, huingia katika uwanda wa Usangu ulio kiasi cha mita 1,000 tu, na huko hujikusanya katika kinamasi kiitwacho Ihefu. Basi mvua ya nchi moja hugawanyika njia mbili, ila maji ya Ruaha na ya Kilombero hukutana tena katika Rufiji na kwenda baharini pamoja.

Mgawanyo huo ndio mwanzo wa habari yetu. Maji ya juu ni ya baridi na ya kasi, yapita juu ya mawe. Kambare hupenda maji ya joto yaliyotulia, yenye tope na majani. Kwa hiyo mtu wa Njombe alikuwa mlaji wa kambare zaidi kuliko kuwa mvuvi wake. Samaki alipanda kwake kutoka bondeni, amekaushwa kwa moshi, mweusi na mgumu kama ukuni. Makambako nayo, iliyo penye njia panda ya kwenda Iringa, Mbeya na Songea, ikawa mahali pa kupitia bidhaa za namna hiyo, na zaidi tangu reli ya TAZARA ilipojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ikawekwa stesheni hapo.

Iko habari moja ya kale ionyeshayo jinsi watu walivyohama kutoka chombo kimoja kwenda kingine. Katika miaka ya 1870, vita vya Wahehe vilipowaelemea, Wabena wengi walishuka pamoja na mkuu wao Mtengera mpaka bonde la Kilombero. Walikuwa watu wa jembe na ng'ombe. Huko wakawakuta Wandamba, watu wa mtumbwi na samaki. Tangu hapo wapo Wabena wa juu na Wabena wa mitoni. Habari za hao wa mitoni ziliandikwa na A. T. Culwick na mkewe G. M. Culwick katika kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1935, na ndani yake Mtema Towegale Kiwanga aliandika sehemu yake mwenyewe. Watu wa kabila moja, wakitenganishwa na mteremko wa safari ya siku chache, wakawa na vyombo mbalimbali na maneno mbalimbali, kwa sababu maji yao yalikuwa mbalimbali.

Sasa tumtazame samaki mwenyewe, maana tabia zake ndizo zilizowafundisha wavuvi. Mwaka 1822 Mwingereza William John Burchell alimwandika kambare huyu katika habari za safari zake, akampa jina la kitaalamu kwa mto Gariep wa Afrika ya Kusini. Samaki huyo huyo yuko katika Ruaha na Kilombero, katika maziwa yetu, na katika Nile mpaka Misri. Huko Misri, kiasi cha miaka 5,000 iliyopita, jina la mfalme Narmer liliandikwa kwa picha ya kambare na patasi. Basi si mgeni katika habari za watu.

Kambare hana magamba. Ngozi yake ni utelezi mtupu. Kichwa chake ni kipana, kigumu kama ubao wa mfupa, na kinywani ana sharubu nane za kupapasia. Macho yake ni madogo. Hutafuta chakula usiku kwa kupapasa na kunusa, karibu na chini. Hula wadudu, samaki wadogo, mbegu, hata mizoga. Penye mapezi ya kifua ana miiba miwili imara. Tena, juu ya matamvua yake ana kiungo kingine cha kuvutia hewa, kwa hiyo maji yakipungua hupanda juu akameza hewa, na ngozi yake ikiwa na unyevu huweza hata kujikokota katika majani mabichi kutafuta maji mengine. Mvua za kwanza zikinyesha na mito ikifurika, huondoka kwenye vilindi usiku na kuingia katika nyasi zilizofunikwa na maji, na huko hutaga. Mayai hushikamana na majani, nayo huanguliwa kwa siku moja au siku moja na nusu. Perege huwalinda wanawe kinywani. Kambare huyaacha mayai yake akaenda zake.

Mwenye kuyashika hayo machache amekwisha kupata nusu ya uvuvi. Kila tabia ya kambare ni jibu la swali moja la mvuvi: mahali gani, saa gani, mwezi gani, kwa chombo gani.

Chombo cha kwanza ni mkuki na chusa. Hiki ni cha zamani mno. Huko Katanda, kando ya mto Semliki katika Kongo ya Mashariki, wachimbaji wa mambo ya kale walipata vichwa vya chusa vilivyochongwa kwa mfupa, pamoja na mifupa mingi ya kambare wakubwa. Mwaka 1995 walitangaza kwamba umri wake ni kama miaka 90,000. Wengine hubisha juu ya hesabu hiyo. Wachimbaji walifikiri kwamba watu hao walikuja mtoni majira ya kambare kutaga, walipokuwa katika maji mafupi. Hata leo chusa hufaa wakati huo tu. Katika kilindi hakina kazi, kwa kuwa samaki haonekani. Lakini usiku wa mvua za kwanza, katika maji yafikayo magotini, mwenye mwenge humwona kambare akipasua nyasi kwa mgongo wake. Ndiyo mavuno mepesi kuliko yote, na ndiyo yenye hatari kuliko yote, maana anayechomwa ni mama mwenye mayai.

Chombo cha pili ni mgono, nao huenda pamoja na uzio. Mgono ni kapu refu la fito lililosukwa, na ndani yake pana koo jembamba lenye ncha zilizoelekea ndani, hata samaki aingie asiweze kutoka. Wakati wake ni mwisho wa mvua, mwezi wa Mei na wa Juni, maji yanapoondoka mbugani kurudi mtoni. Wavuvi huziba mkondo kwa uzio wa fito, ambao watu wa pwani huuita wando, wakaacha nafasi, na katika nafasi hiyo hutia mgono. Hapa kambare hahitaji kudanganywa kwa chambo. Njia yake ya kurudi ndiyo imtiayo mtegoni. Fundi wa mgono huchagua upana wa nafasi kati ya fito. Akizibana sana, atapata vitoto visivyofaa hata kwa mboga. Akiziachia kidogo, vitoto hupita na wazazi hubaki. Mtu asiyejua hudhani nafasi zile ni ulegevu wa msukaji, kumbe ndizo akiba ya mwaka wa pili.

Chombo cha tatu ni ndoana na mshipi, nacho ndicho kinachotaka uangalifu mwingi. Chuma hakikuwa kigeni katika nchi hizi. Wakinga na Wapangwa walikuwa wafua chuma mashuhuri, na majembe yao yalikwenda mbali. Baadaye zikaja ndoana za madukani. Kiwanda cha Mustad cha Norway kilianza kufanya ndoana mwaka 1877, na jina lake likajulikana kwa wavuvi wa dunia yote. Katika ndoana hizo ndogondogo, kadiri nambari inavyozidi ndivyo ndoana inavyopungua, jambo liwakosealo wanunuzi wengi mara ya kwanza. Kwa kambare yafaa ndoana yenye mdomo mpana na ncha kali sana, kwa sababu kinywa chake ni kikubwa na kwa ndani kuna mfupa mwingi. Ndoana nyembamba hupinda, au huteleza juu ya mfupa ikarudi tupu.

Namna ya kuifunga ni hivi. Mvuvi wa perege hutumia ufito, mshipi mwembamba na kiboya, na chambo chake huning'inia katikati ya maji mchana. Kambare hupita chini ya chambo hicho asikijue. Kwake chambo yapasa kulala chini, au kiasi cha upana wa mkono kutoka chini. Kwa hiyo mshipi hutiwa chubwi, yaani jiwe au kipande cha risasi, na baada ya chubwi huachwa kipande cha mshipi cha shibiri moja au mbili, ndipo ndoana. Penye mkondo chubwi huwa zito, chambo kisichukuliwe na maji. Penye tope laini huwa jepesi, lisije likazama na kukizika chambo pamoja nalo. Penye majani chini, kiboya kidogo hufungwa karibu na ndoana ili kuinua chambo juu ya majani. Basi mtu akiuliza ni mshipi gani ulio bora, kwanza aulizwe, chini ya maji yako pana nini?

Chambo chenyewe ni cha kunuka, kwa kuwa samaki huyu huongozwa na harufu: nyungunyungu, matumbo ya kuku, vipande vya samaki, hata kipande cha sabuni ya mche, ambacho wavuvi wengi wa maziwa na mito yetu hukitumia. Mshipi hutegwa jioni na kutazamwa alfajiri. Nao haufungwi kwenye kisiki kigumu, bali kwenye tawi au kijiti chenye kunepa, kwa sababu kambare akinaswa hujizungusha kwa nguvu, na kisicholegea hukatika. Zamani mshipi ulisokotwa kwa nyuzi za miti ya nchi. Mkonge, ulioletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, ulileta kamba mpya za katani, nao wanaume wengi wa Ubena walikwenda kuukata katika mashamba ya Tanga na Morogoro. Lakini katani huoza upesi majini. Nyuzi za nailoni, zilizoenea katika maziwa yetu tangu miaka ya 1950, hazikuoza, na ndipo uvuvi ulipogeuka.

Maana chombo cha nne ni wavu. Katika Ziwa la Viktoria nyavu za kunasia matamvua ziliingia mwaka 1905, na zile za nailoni zikafuata nusu karne baadaye. Wavu ni chombo chema kwa samaki apitaye katikati ya maji. Kwa kambare una shida yake, kwa kuwa miiba yake ya kifua hujitia katika nyuzi, naye akijizungusha huukunja wavu wote kama kamba. Mvuvi hodari huchagua macho mapana, akautega kando ya magugu, wala hauburuzi. Lakini wavu wenye macho madogo, ukiburuzwa katika dimbwi, hauna swali tena la mahali wala la majira. Wakati wowote na mahali popote huchukua kila kitu.

Ndugu wa wavu huo ni utupa. Mmea huu hupandwa karibu na nyumba katika sehemu nyingi za kusini. Majani yake hupondwa na kutiwa majini, nao samaki hulewa wakaelea. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya watu wengi pamoja, katika madimbwi yaliyokwisha kutengwa na mto, ambayo jua lingeyakausha kabla ya mvua. Samaki waliovuliwa humo walikuwa wamekwisha kuhukumiwa na jua. Lakini mtu mmoja akitia utupa katika mto unaopita, au katika kilindi kisichokauka, hiyo si desturi, ni uharibifu. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 hukataza sumu na baruti, na mwenye kuzitumia hana udhuru wa kusema ni mila ya wazee.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Tumesema kambare huvuta hewa. Kwa hiyo, kiangazi kikiwa kirefu, samaki wengine hufa madimbwi yanapochafuka, naye hudumu. Kilindi cha mwisho, kilichobaki mwezi wa Oktoba kikiwa tope jembamba, kimejaa kambare wakubwa. Mpita njia huona neema: samaki wengi, maji machache, kazi ndogo. Lakini wale ndio mbegu. Mvua zitakaponyesha, hao ndio watakaotoka na kutaga katika nyasi. Anayekimaliza kilindi hicho kwa wavu wa macho madogo au kwa utupa amevua samaki wa mwaka huu na wa mwaka ujao kwa siku moja. Anayetega ndoana tano amekula, naye amebakiza. Basi uchaguzi wa chombo una maswali mawili. La kwanza, kitamnasa kambare hapa alipo leo? La pili, kitabakiza nini? Anayeuliza la kwanza tu ni mvuvi wa mwaka mmoja.

Tangu miaka ya 1990 swali la pili limekuwa zito kuliko zamani, kwa sababu vilindi vyenyewe vimepungua. Katika Usangu yalifunguliwa mashamba makubwa ya mpunga, Mbarali katika miaka ya 1970 na Kapunga baadaye, na pembeni yake mifereji ya wakulima wadogo ikaongezeka. Mifugo nayo ilikuja kwa wingi. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu, chini ya Ihefu, ulianza kukatika wakati wa kiangazi, mto ambao hapo kwanza ulitiririka mwaka mzima. Mwaka 1998 nchi ya kinamasi ilifanywa pori la akiba, na mwaka 2008 ikatiwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Wavuvi waliozoea kutega Ihefu wakazuiwa. Wengine walikwisha kufuata maji mapya, yaani bwawa la Mtera lililomalizika mwaka 1980, ambalo ni pana na lenye vilindi. Huko mgono wa mkondoni una kazi chache, na wavu ndio mtawala. Hatusemi wenye mpunga wamekosa kwa kulima, wala serikali kwa kulinda chemchemi. Mchele wa Usangu huliwa mpaka Njombe, na umeme wa Mtera na Kidatu hutaka maji ya mto huo huo. Twasema tu kwamba mto ukikatika, ujuzi uliokuwa ukiufuata mto hukatika nao.

Wengine hujibu kwamba ufugaji wa samaki utaziba pengo. Majaribio yake katika nchi hii yalianza Korogwe mwaka 1949, na katika mkoa wa Njombe mabwawa ya perege ni mengi, kazi njema inayostahili kutiwa moyo. Walakini baridi ya juu hupunguza ukuaji wa samaki. Na kambare akitiwa bwawani pasipo hesabu huwala wadogo wenzake. Mfugaji asiyejua kwamba kambare hula usiku, hunusa, humeza hewa na hutembea katika majani mabichi, ataamka asubuhi moja baada ya mvua akute bwawa lake limepungua bila mwizi. Ujuzi wa mvuvi wa zamani ni mali ya mfugaji wa leo pia.

Kwa hiyo twawasihi waalimu wenzetu na wachungaji walio karibu na wazee wa Usangu, wa Kilombero na wa mabonde ya Ubena. Andikeni majina ya mitego katika lugha za nyumbani, kabla fundi wa mwisho hajaweka fito zake chini. Lakini msiandike jina peke yake. Mwulizeni mzee mambo manne kwa kila mtego: hutegwa mwezi gani, katika maji ya namna gani, nafasi zake ni pana kiasi gani, na nani alikatazwa kuutumia, na wakati gani. Jina pasipo hayo ni kama ndoana pasipo mshipi. Na mkimfundisha mtoto ile mithali ya jembe, mwambieni kwamba ilisemwa kwa ajili ya shamba, ambalo hukaa mahali pamoja na kumngoja mkulima. Mto haumngoji mtu, na aushukiaye hana budi kuchagua.